Kisimbuzi cha Sauti ya Sikudhani

Hapo zamani, wala si zamani ya wafalme, zamani ya juzi tu, alikuwako Kisarawe mpima ardhi mstaafu aitwaye Pazi, na mkewe aitwaye Sikudhani. Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso, maana mwisho nitawauliza swali, na anayejibu huku amelala hujibu ya ndotoni.

Pazi alikuwa mtu wa vipimo. Ukimwambia "pale karibu," alikuuliza karibu na nini. Sikudhani alikuwa karani wa chuo cha ualimu, na yeye ndiye aliyeleta kompyuta nyumbani. Ndani ya kompyuta hiyo aliweka mfumo huria, ule usiouzwa wala kukodishwa, ambao watu wa nchi nyingi huuandika na kuugawa, na kila mtu ana ruhusa ya kuufungua aone ulivyoshonwa.

"Kitu cha bure hakikosi kasoro," alisema Pazi.

"Hata wewe nilikupata bure," alijibu Sikudhani.

Wakaishi hivyo. Kisha Sikudhani akaugua, na baada ya kuugua akafa.

Siku ya mazishi alikuja Nyamizi. Nyamizi ni Mnyamwezi, muuza asali ya Sikonge pale sokoni, na Wanyamwezi na Wazaramo kama Pazi ni watani tangu enzi za misafara. Mnajua kazi ya mtani msibani. Watu wakilia, yeye hucheka. Watu wakinyamaza, yeye husema. Na akitaka humwigiza marehemu mbele ya wafiwa, wala hakuna wa kumkataza. Nyamizi alijifunga kanga ya Sikudhani, akatembea kwa mwendo wa Sikudhani, akalala kizingitini ili jeneza lisipite.

"We Pazi!" akasema, kwa sauti ya Sikudhani. "Unanitoa nje hata kiporo changu sijala?"

Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Wakampa kiganja cha mchele, akabiringika pembeni, jeneza likapita. Lakini kabla ya kuondoka alichukua simu iliyokuwa juu ya kabati, simu ya zamani ya vitufe, akaitia kifuani.

"Hii mateka," akasema. "Nataka jogoo."

Pazi alikuwa anatazama mlango uliopitisha jeneza.

Sasa, mateka ya mtani yana sheria yake. Hukombolewa kwa mzaha, hayaombwi. Pazi akasahau sheria hiyo, au hakuwa na nguvu nayo. Wiki chache baadaye alimkuta Nyamizi sokoni, akasimama mbele ya chupa za asali, akasema kwa uso mkavu, "Naomba unirudishie simu yangu, tafadhali."

"Tafadhali?" akasema Nyamizi. "Kwani mimi mwizi?" Akampa kisogo. Ukimwambia mtani tafadhali, umemtukana. Simu ikabaki kwa Nyamizi.

Miezi ikapita. Mwanaidi, binti yao wa pekee, akarudi kwa baba yake kujifungua, akazaa mtoto wa kike. Na katika ukoo wa Pazi kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuivunja. Sikio la kulia la mtoto ni la adhana. Sikio la kushoto ni la bibi mzaa mama. Bibi huinama, hunong'ona jina alilolichagua mwenyewe, na mpaka anong'one, mtoto hana jina. Adhana ilikwisha somwa sikio la kulia. La kushoto likawa linangoja.

"Baba, nani atanong'ona?" akauliza Mwanaidi.

"Mama yako angesema..." akaanza Pazi, akataka kumwonyesha angesemaje.

Akafungua mdomo. Akanyamaza.

Alikumbuka maneno ya mkewe. Alikumbuka mkono wake ukipangusa meza ambayo ilikwisha panguswa. Sauti haikuwepo. Aliitafuta kama mpima anavyotafuta bikoni, lile jiwe la mpaka, kwenye shamba la zamani. Alijua ilipo, akaenda moja kwa moja, akafika, akakuta nyasi.

Ndipo akakumbuka video. Ya Sikudhani ilikuwa moja tu. Aliichukua mwenyewe jikoni kwa simu ile ya vitufe mpaka betri ikazima, na Sikudhani akaihamishia kwenye kompyuta. Pazi akawasha kompyuta, akabofya. Kompyuta ikaandika: Faili limeharibika, halifunguki.

Akabofya tena. Kompyuta ikaandika vilevile. Mfumo ule ulikuwa huria, lakini haukuwa kigeugeu.

Basi Pazi akasema mbele ya binti yake na mbele ya wageni waliokuja kumtazama mtoto, "Atakayenirudishia sauti ya Sikudhani, huyo atakaa mahali pa Sikudhani. Yeye ndiye atakayeinama kwenye sikio la kushoto."

Habari ikatoka.

Wa kwanza kuja alikuwa Kondo, mwenye studio ya picha karibu na stendi, anayechukua video za harusi za Kisarawe nzima. Akaja, akavua viatu, akanywa maji, akakaa mbele ya kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni hilo hapo."

Kondo akabofya. Faili limeharibika, halifunguki.

"Mzee, nawe na hii kompyuta ya bure..."

"Kwenye yako ya kununua litafunguka?"

Kondo akalinakili, akalijaribu kwenye yake aliyokuja nayo mkobani. Akatazama kidogo. "Halifunguki," akasema. "Ila hii yangu inakataa kwa maneno mazuri zaidi."

Kisha akaeleza. Video ya simu ni kama kitabu ambacho faharasa yake huandikwa mwishoni. Simu ikizima kabla ya mwisho, kurasa zote zipo, faharasa haipo, na kompyuta haisomi kitabu kisicho na faharasa. "Lakini naweza kuiandika mimi," akasema. "Nipe video nyingine nzima, iliyochukuliwa na simu hiyohiyo. Nitaona inavyopanga kurasa zake, nami nitapanga hizi vivyo hivyo. Simu iko wapi?"

Pazi akamwambia iko wapi.

"Mzee!" akasema Kondo. "Hukuikomboa?"

Kondo akaenda sokoni. Hakurudi na simu, alirudi na Nyamizi. Nyamizi akasimama mlangoni, simu kifuani.

"Jogoo wangu yuko wapi, we Mzaramo?"

Mwanaidi alimtazama baba yake. Pazi akatazama juu, kama mtu anayepiga hesabu.

"Jogoo alisikia unakuja," akasema, "akahama mji."

Ulikuwa mzaha dhaifu, lakini ulikuwa mzaha, wa kwanza tangu jeneza lipite mlango ule. Nyamizi akaupima, akaukubali, akaitoa simu. Na jogoo akampata. Mwanaidi alimkamata uani wakamfunga mguu jikoni, angoje Nyamizi aondoke.

Ndani ya simu kulikuwa na video moja nzima. Pazi aliichukua kazini, ni video ya bikoni. Bikoni haisogei, na video ile ilikuwa ndefu. Kondo akaitazama yote kwa heshima. Kisha akafanya kazi mchana kutwa, akijaribu, akikosea, akirudia, Nyamizi akimuuliza kama harusi za watu huwa anazishona hivyohivyo. Jua lilipoanza kuteremka, akabofya.

Sikudhani akatokea.

Alikuwa jikoni, kisu mkononi, kitunguu mbele yake. Akainua uso, akamtazama aliyeshika simu. Midomo ikafunguka, ikafunga, ikafunguka. Hakuna kilichosikika. Chini ya picha kompyuta ikaandika: Hakuna kisimbuzi cha sauti hii.

Pazi akageuka kutazama kisimbuzi kilichokuwa juu ya televisheni.

"Si hicho, mzee," akasema Kondo. "Faili ni kasha, na ndani mna lugha mbili, lugha ya picha na lugha ya sauti. Mkalimani wa picha yumo humu kwenye mfumo. Mkalimani wa sauti hayumo. Simu hizi za zamani sauti yake ilikuwa na lugha yake peke yake."

"Kwa hiyo sauti imo?"

"Imo. Inasema. Hakuna wa kuielewa tu."

Wakabaki wanamtazama Sikudhani anavyosema. Mwanaidi akageuza uso. Hakuna aliyejua la kufanya, na mahali ambapo watu hawajui la kufanya, hapo ndipo mtani hupatia kazi. Nyamizi akaenda kusimama kando ya kompyuta. Akasubiri midomo ifunguke.

"We Pazi!" akasema, midomo ya Sikudhani ikienda naye. "Umesimama kama bikoni, na nazi haijakunwa!"

"Nakuja, mama Mwanaidi," akasema Pazi.

Akainuka. Akavuka sebule. Akafika mlango wa jikoni, mkono tayari kushika mbuzi ya kukunia. Jikoni hapakuwa na mtu. Alikuwepo jogoo, amefungwa mguu.

Pazi akasimama pale mlangoni. Nyuma yake hakuna aliyecheka, hata Nyamizi. Baadaye akarudi, akakaa kwenye kiti chake, akanyoosha magotini mikunjo ya msuli aliojifunga.

"Sauti bado," akasema. "Nani mwingine anayeweza?"

Kesho yake akaja Asteria, Mngoni wa Songea, mwalimu wa kompyuta chuoni, aliyefanya kazi na Sikudhani miaka mingi. Akaja, akavua viatu, akanywa maji, akakaa mbele ya kompyuta. Kondo na Nyamizi walikuwa wamekwisha fika, kila mmoja akisema amepita tu.

"Shikamoo, mzee Pazi. Mfumo huu tuliuweka mimi na yeye."

"Marahaba. Basi mwambie utoe sauti."

Asteria hakubofya. "Siku ya kuuweka, mfumo huuliza swali moja," akasema. "Je, uongezewe na visimbuzi vyenye wenyewe? Vile ambavyo makampuni ya nje yanasema ni haki yao, na huwezi kuvifungua uone ndani. Kuna kijisanduku, unatia alama au unaacha. Sikudhani alitaka tutie. Mimi nikakataa. Nilimwambia, ukitaka nyumba isiyo na mlango wa siri, usianze kwa kujenga mlango wa siri. Tukabishana, nikashinda."

"Kumbe ni wewe," akasema Kondo.

"Ni mimi."

"Mngoni hata vita vya kompyuta anapigana," akasema Nyamizi.

Asteria akafungua ukurasa ule, akakiona kijisanduku, kitupu kama alivyokiacha. Kila mwaka alikuwa akisimama darasani akiwaambia wanafunzi wasikiguse. Mkono ukakaa juu ya kipanya kwa muda. Kisha akatia alama. Akaunganisha mtandao wa simu yake, kisimbuzi kikashuka polepole, kikajipanga mahali pake. Akabofya.

Kwanza kilisikika kisu kwenye kitunguu. Kisha sauti, nyembamba, ya mbali, kama ya mtu aliye ndani ya pipa la bati.

"Imeshika? Pazi, imeshika? Mbona sioni kitaa kikiwaka? Mimi sina la kusema, bwana. Haijashika hiyo. Zima, uanze upya."

Hapo video ikakatika.

"Ni mama," akasema Mwanaidi, akalia kwa kwikwi mpaka mtoto naye akaamka.

"Rudia," akasema Pazi.

Asteria akarudia. Pazi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani.

"Rudia."

Akarudia.

"Ndiyo," akasema Pazi. "Alisema hivyo. Nakumbuka kwamba alisema hivyo."

Lakini hakuinuka.

Sasa sikilizeni walivyodai.

Kondo akasema, "Mzee, mimi nilikuta faili lisilofunguka. Sauti yote unayoisikia ilikuwa imelala mle, kurasa zimechanganyikana, nami nikazipanga mmojammoja kwa mkono. Huyu mwalimu angekuja kabla yangu na visimbuzi vyake vyote, angesimbua nini? Nimekurudishia sauti na uso juu yake. Niruhusu kuinama, nami nitanong'ona: Sikudhani."

Asteria akasema, "Kondo amerudisha picha, na kazi yake ni nzuri. Lakini mzee hakuahidi kwa picha. Picha zipo ukutani. Aliahidi kwa sauti, na sauti ilisikika nilipobofya mimi. Tena wenzangu wametoa kazi. Mimi nimelitoa mhanga neno langu, na kesho nitasimama mbele ya wanafunzi nikijua hivyo. Mtoto aitwe Huria, ili walau neno lenyewe libaki mahali."

"Ngoja, mwalimu," akasema Kondo. "Mlango umeufunga wewe. Mtu akikufungia ndani, halafu akakufungulia, unampa zawadi?"

"Na simu mliitoa wapi nyinyi wawili?" akasema Nyamizi. "Faharasa, faharasa! Ningeiacha kabatini pale, Mzaramo huyu angempa mjukuu achezee, ikaisha betri, ikatupwa. Mateka hulindwa. Lakini hilo silidai, hilo nimelipwa jogoo. Nadai hili. Nyamazeni wote, nimuulize mzee. Jana ulimwitikia nani?"

Pazi akatazama mlango wa jikoni.

"Ulisema 'nakuja.' Ukaenda. Leo hawa wamemtoa kwenye pipa, umekaa hapo kama unasikiliza taarifa ya habari. Nani amemrudisha?"

"Lakini uliigiza, mama," akasema Kondo. "Yale maneno hakuyasema!"

"Maneno yangu, sauti yake. Nyinyi mmeleta maneno yake, sauti ya bati."

"Mwigo si asili," akasema Asteria.

"Na hicho kilichomo kwenye kompyuta ni nini, mwalimu? Ni Sikudhani mwenyewe, amekaa mle anakata vitunguu?"

Asteria akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakupenda kujibu kabla ya kufikiri. "Si yeye," akasema. "Ni alama aliyoiacha mwenyewe, kwa pumzi yake. Na itabaki. Wewe, dada Nyamizi, nakuombea maisha marefu, lakini siku utakapokufa utaondoka nayo sauti yako ile. Hii ya pipa mtoto huyu ataisikia akiwa bibi."

"Ataisikia na hataijua," akasema Nyamizi. "Mwenye kuijua ameketi hapo, na yeye mwenyewe hakuijua."

"Mimi niliijua," akasema Mwanaidi.

Na hilo lilikuwa kweli.

"Na wewe jina lako ni lipi?" Pazi akamuuliza Nyamizi. "Utakalonong'ona."

"Nyamizi."

"Mjukuu wangu? Mzaramo aitwe Nyamizi?"

"Apate mgongo wa Kinyamwezi wa kubebea mzigo. Ukoo wenu mzima ndoo ya maji mnaisukuma kwa mguu. Au hukupenda? Basi mpe lile la kompyuta, neno la kwanza la bibi yake. Aitwe Imeshika."

Mwanaidi akacheka huku akipangusa machozi. "Baba, usimsikilize. Lakini uamue. Mtoto wangu ataitwa Mtoto mpaka lini?"

Pazi akamchukua mjukuu wake, akamlaza juu ya mapaja, sikio la kushoto juu. Katika kazi yake aliwahi kusimama kati ya ndugu wawili wenye mapanga, akapiga bikoni mahali kipimo kiliposema, akafunga vifaa vyake akaenda kula. Kipimo hakikumsumbua hata siku moja. Safari hii kamba ilikuwa na ncha tatu. Aliahidi kwamba atakayerudisha sauti ndiye atakayenong'ona. Mmoja aliitoa kwenye uharibifu ikiwa bubu. Mmoja aliifungulia mlango aliokuwa ameufunga mwenyewe, na akalipa kwa neno lake. Mmoja hakuigusa kabisa, na huyo ndiye aliyemwinua Pazi kwenye kiti. Sauti ya kweli ilimfikia akaitambua kwa hesabu. Sauti ya uongo ilimfikia miguuni.

Kwenye kioo cha kompyuta Sikudhani alikuwa amesimama pale video ilipokatika, kisu hewani, mdomo wazi, anangoja kuanza upya. Kondo akavuta kiti. Asteria akafunga mtandio wake vizuri. Nyamizi akapangusa asali mikononi. Wote watatu wakakisogelea kichwa kile kidogo, wakasimama, wakamtazama Pazi. Mtoto alikuwa amelala.

Nanyi mliokaa macho mpaka hapa, msijibu haraka, na asijibu mmoja kwa niaba ya mwenzake. Sikio ni moja, na likishanong'onezwa halinong'onezwi tena. Je, nani aliirudisha sauti ya Sikudhani, na nani alistahili kuinama?